Mwanangu ameniomba nisimwambie mwalimu

*"Mwanangu wa kiume ana miaka 11. Ana kigugumizi tangu akiwa mdogo, lakini hakikuwahi kumzuia kuwa mchangamfu. Tangu muhula uliopita amebadilika. Kila Jumapili jioni tumbo linamuuma, daftari zinarudi zimechanika, na wiki mbili zilizopita nilimkuta analia bafuni. Nilipombana akasema kuna wavulana watatu darasani wanaomwiga anavyosoma, wamempa jina la kumkebehi, na darasa zima linacheka. Kiongozi wao alikuwa rafiki yake, amewahi hata kulala kwetu. Wameanzisha na kundi kwenye simu wanakosambaza sauti yake akisoma. Mambo yalipoanza, mwalimu aliwaita mbele ya darasa akawapatanisha, wakapeana mikono. Baada ya hapo hali ikawa mbaya zaidi. Mume wangu anasema dawa ya moto ni moto, afundishwe kurudisha. Mama yangu anasema ni utoto, yatapita. Mimi nafikiria kumhamisha shule. Na kuna jambo linaninyima usingizi: ameniomba nisimwambie mwalimu tena, nami nikamwahidi. Nifanye nini?"*

Dada yangu, kabla ya lolote: mtoto wako amekuambia. Huenda unaliona dogo kwa kuwa ilibidi umbane, lakini watoto wengi wanaopitia hali hii hukaa nayo miezi mingi, na wengine hawaisemi kabisa. Wanaona aibu. Wanaogopa kuwahuzunisha wazazi. Wanaamini wakubwa wakiingilia watavuruga zaidi, na mwanao anayo sababu ya kuamini hivyo, maana wakubwa waliingilia na mambo yakavurugika. Kwa hiyo ushauri wangu wote hapa unalinda kwanza imani ile iliyomfanya afungue mdomo mbele yako.

Ndani ya swali lako kuna maswali kadhaa: la bibi, la baba, la mwalimu, la kuhama na la ahadi. La ahadi nitaliacha mwisho, kwa sababu jibu lake linasimama juu ya mengine.

Nianze na bibi. Utani wa watoto upo, na una kazi yake katika kukua. Lakini utani una zamu. Leo wewe unanicheka, kesho mimi nakucheka, na mmoja wetu akinuna mwenzake anaacha. Mwanao hana zamu. Yeye ni wa kuchekwa tu, na anaponuna ndipo wanapozidisha. Dan Olweus, mwanasaikolojia mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Norway, alianza kuchunguza jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1970, na alama tatu alizoziweka ndizo zinazotumika mpaka leo kuutambua uonevu: anayetenda anakusudia kuumiza, tendo linajirudia, na nguvu za pande mbili hazilingani, kiasi kwamba anayeumizwa hawezi kujitetea kwa urahisi. Nguvu hapa si misuli peke yake. Watatu kwa mmoja ni nguvu. Kupendwa na darasa ni nguvu. Ulimi mwepesi mbele ya ulimi unaokwama ni nguvu. Alama zote tatu ninaziona katika barua yako. Wazee walishasema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na hapa usaha umeshaonekana: ni lile tumbo la Jumapili jioni.

Tumbo lile ni la kweli. Mwili unaotarajia hatari hujiweka tayari saa nyingi kabla hatari haijafika. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, tumbo linavurugika. Mpeleke kwa daktari amwangalie ili usipitwe na ugonjwa mwingine, lakini usimwambie hata siku moja kwamba anajifanya. Mwaka 2003 watafiti nchini Marekani waliwachezesha watu mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta wakiwa ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo, kisha wachezaji wengine wakaacha kuwarushia mpira. Sehemu ya ubongo inayoshughulika na kero ya maumivu ya mwili ikachangamka. Huo ulikuwa mpira wa kwenye kioo, na waliowatenga ni watu wasiowajua. Mwanao anatengwa na watu anaoketi nao kila siku, na anayewaongoza ni mtoto aliyelala nyumbani kwake.

Sasa mwalimu. Sina shaka alikuwa na nia njema. Tatizo ni kwamba alitumia dawa ya ugonjwa mwingine. Kupatanisha ni dawa ya ugomvi, na katika ugomvi kila upande una kosa lake na kila upande una kitu cha kuachia. Mwanao aachie nini? Kigugumizi? Alipompa mkono mtu anayemwonea, darasa zima lilifundishwa kwamba hawa wawili walikuwa na makosa sawasawa. Tena ilifanyika mbele ya wote, yaani pale pale penye jukwaa ambalo kiongozi wa kundi analipenda, na mwanao akatoka pale na jina jipya, la mshitaki. Kisha hakuna aliyefuatilia. Wale watatu wakajifunza kwamba adhabu kubwa kabisa ya shule ni kupeana mikono. Ndiyo maana hali ilizidi.

Nimetaja jukwaa kwa makusudi, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote. Tumezoea kuufikiria uonevu kama jambo la watu wawili, mwenye nguvu na mnyonge, kwa hiyo tunatafuta namna ya kumbadilisha mmoja wao: huyu tumtie adabu, yule tumkomaze. Ukweli ni kwamba uonevu ni jambo la kundi. Christina Salmivalli na wenzake huko Finland walionyesha mwaka 1996 kwamba karibu kila mtoto darasani ana nafasi yake katika mchezo huo. Yupo anayeanzisha. Wapo wanaomsaidia. Wapo wasiogusa mtu lakini wanacheka na kusogea karibu ili waone vizuri. Wapo wanaogeuza macho. Na wapo wachache wanaomtetea anayeonewa au kumfuata baadaye kumpa pole. Kicheko cha wale wa katikati ndiyo mafuta ya taa hiyo. Kikikatika, taa inafifia.

Huko Kanada watafiti walirekodi kwa kamera na vinasa sauti yanayotokea kwenye viwanja vya kuchezea vya shule. Katika matokeo yao ya mwaka 2001, watoto wengine walikuwepo katika matukio 88 kati ya kila 100 ya uonevu. Waliojaribu kuingilia walionekana katika matukio 19 tu kati ya 100. Lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Sekunde 10, dada. Mtoto mmoja kusema "mwacheni bwana" kulifanya kazi haraka kuliko mkutano mrefu wa wazazi.

Mbona basi hawaingilii? Wengi wao hawapendi wanachokiona. Ila kila mmoja anatazama wenzake, anawaona wanacheka, anadhani yeye peke yake ndiye anayeumia moyoni. Na kila mmoja anaogopa kuwa wa pili baada ya mwanao. Kwa hiyo darasa linaweza kujaa watoto wenye huruma na bado likaonekana limeungana dhidi ya mtoto mmoja. Mwanao anapokuambia darasa zima linamcheka, anasema alichokiona kwa macho yake, lakini karibu nina hakika si wote wanaofurahi.

Hili ndilo linaloeleza pia mabadiliko ya rafiki yake. Watu hupenda kusema mtoto anayeonea wenzake anajidharau, au ametoka kwenye nyumba mbaya. Wapo wa namna hiyo. Lakini wengi wanajiamini vya kutosha, wanajua kusoma hisia za watu, na wanatafuta cheo. Katika umri wa mwanao cheo miongoni mwa wenzao ni kitu kikubwa mno. Mtoto yuko tayari kulipa kwa urafiki wa miaka ili aonekane mkubwa. Aliyekuwa rafiki ndiye anayejua mahali pa kuchoma, ndiyo maana yeye ndiye anayeongoza. Simtetei, na anachokifanya lazima kikome. Nataka tu usimchukulie kama shetani aliyejificha kwenu, kwa sababu watoto wa aina hii wanabadilika pale cheo kinapoacha kupatikana kwa njia hiyo.

Utatamani kwenda kwao ukazungumze na mama yake, hasa kwa kuwa mnafahamiana. Nakuomba usiende. Mzazi aliyefuatwa nyumbani na shitaka dhidi ya mwanawe hujitetea kwanza. Baada ya dakika kumi ugomvi ni wa wazazi, na kesho yake shuleni mwanao analipa. Shule ndiyo iwaite wazazi wale.

Baba yake anasema dawa ya moto ni moto. Mume wako anaumia kama wewe, na nyuma ya maneno yake kuna jambo sahihi: hataki mwanawe avunjike. Lakini tazama hesabu yenyewe. Wale ni watatu. Akipigana akashindwa, wameongezewa burudani. Akipigana akashinda, mwalimu aliyekosa kuyaona matusi ya miezi ataiona ngumi moja, na mwanao ndiye atakayeadhibiwa. Nimewaona watoto wa namna hiyo wakiingia ofisini kwangu wakiwa wameandikwa wakorofi, huku historia yote iliyotangulia ngumi haijaandikwa popote.

Na ule ushauri wa pili tunaopenda kuutoa, "usiwajali tu," nao si dawa. Mtoto anayeungua moyoni hawezi kuonyesha uso usiojali, uso unasema. Wale nao, wakiona hawajibiwi, kwa kawaida huongeza kipimo kabla ya kuchoka.

Kuna kazi ambayo baba anaweza kuifanya vizuri kuliko wewe na mimi. Afanye mazoezi naye nyumbani. Baba awe yule mvulana, aige jina la kebehi, na mtoto ajaribu mwili wake: mabega wima, macho usoni kwa huyo anayemsema, kisha kugeuka na kutembea kwenda alipo mkubwa au alipo mwenzake mmoja anayemwamini, bila kukimbia. Kama anataka neno, achague mwenyewe neno fupi ambalo halimkwamishi; mwenye kigugumizi anazijua sauti zake ngumu kuliko mtu mwingine yeyote. Pengine atachagua "Basi." Pengine atachagua kutosema kitu, ainue tu kiganja. Halafu mbadilishane, yeye awe mwonevu na baba awe yeye. Watoto hucheka sana hapo, na kicheko hicho kina faida yake. Lakini mwambieni waziwazi kwamba haya hayatamaliza uonevu, yatampa tu cha kufanya wakati unatokea. Usipomwambia hivyo, siku ambayo hayatafanya kazi atarudi akiamini ameshindwa yeye.

Niseme neno kuhusu kigugumizi chenyewe, kwa sababu naona kimetajwa kidogo tu katika barua yako na huenda ndani ya nyumba pia hakizungumzwi. Kigugumizi hakitokani na woga, wala malezi, wala uvivu wa akili. Kwa kawaida huanza kati ya miaka 2 na 5, mara nyingi kinafuata ukoo, na kinahusu namna ubongo unavyopanga muda wa kutoa sauti. Karibu mtoto mmoja kati ya 20 hukipitia, wengi kikawaacha, na katika watu wazima anabaki nacho takriban mmoja kati ya 100. Woga haukianzishi, lakini unakifanya kigumu zaidi saa ile ile. Hivyo wale wavulana wanapomwiga wanakifanya kiongezeke, kisha wanapata cha kuiga zaidi. Ukikaa naye, mtazame, msubiri, usimmalizie neno, usimwambie avute pumzi au aende polepole. Hayo yanamkumbusha tu kwamba unamsikiliza anavyosema badala ya anachosema. Kama hajawahi kuonwa na mtaalamu wa tiba ya usemi, sasa ndio wakati wake.

Na lipo jambo moja ambalo walimu wengi hawalijui. Watu wengi wenye kigugumizi, wakisoma kwa pamoja na mtu mwingine, maneno yao yanatiririka bila kukwama. Mwalimu anaweza kupanga darasa zima lisome wawili wawili, kila mtoto na mwenzake, bila kumtaja mwanao hata kidogo. Kwa mpango huo jukwaa limevunjwa, na mwanao ameketi karibu na mtoto mmoja aliyechaguliwa kwa busara. Sikushauri umwombee asisome kabisa, isipokuwa yeye mwenyewe ataomba kwa muda. Kutolewa kwenye zamu kila siku kunathibitisha jina walilompa. Wapo watoto wanaoamua kusimama na kulieleza darasa kigugumizi ni nini, na mara nyingi waigaji huishiwa, kwa kuwa siri imetolewa na mwenyewe. Lakini uamuzi huo ni wake peke yake, na usiharakishwe.

Sasa uende shuleni namna gani. Omba miadi ya kukaa chini na mwalimu wa darasa, si maneno ya kusimama getini. Nenda na karatasi: tarehe, mahali, nani alikuwepo, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, daftari zilizochanika. Usiende kumlaumu kwa ule upatanishi. Mwambie tu ulivyokuwa mwisho wake, ili ajue kwa nini unaomba njia tofauti. Omba kila mmoja wa wale watatu aitwe peke yake, siku moja, mmoja baada ya mwingine kabla hawajapanga maneno, na mwanao asiwepo. Wasiulizwe nani alianza. Waambiwe kinachojulikana, waambiwe kinakoma leo, na waulizwe kila mmoja atafanya nini kukikomesha. Kundi la kwenye simu hapa linakusaidia: mkubwa anaweza kusema "tumesikia hizo sauti", na hahitaji kusema "fulani ametuambia". Mzigo wa ushahidi unatoka mgongoni kwa mtoto.

Muulize pia nani anasimamia wakati wa mapumziko, chooni, na njiani kuingia na kutoka darasani, maana uonevu hupenda pale pasipo na mkubwa. Omba mtu mzima mmoja mwenye jina ambaye mwanao anaweza kumfuata wakati wowote bila kujieleza kwa nini. Na msiagane bila tarehe: wiki ijayo tutazungumza tena, na wiki ya tatu, na mwezi wa pili. Kufuatilia ndiko kulikokosekana mara ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiko kunakobeba nusu ya kazi.

Sitakudanganya kwamba shule ikifanya haya yote uonevu utatoweka. Mwaka 1983 Norway ilianzisha kampeni ya taifa zima baada ya wavulana watatu kujiua, na uonevu ukionekana kuwa sababu. Olweus akafuatilia wanafunzi wapatao 2,500 katika shule 42 za mji wa Bergen, na idadi ya waliosema wanaonewa ikashuka kwa karibu nusu. Matokeo hayo ni makubwa kuliko ya kawaida. Watafiti Maria Ttofi na David Farrington walipokusanya tathmini za mipango ya nchi mbalimbali mwaka 2011, wastani wa upungufu ulikuwa kama moja ya tano. Lakini waliona pia kwamba mipango iliyofanikiwa zaidi ni ile iliyofanywa kwa nguvu zaidi, yenye usimamizi wa viwanja na mikutano ya wazazi. Kwa mtoto mmoja, moja ya tano inaweza kuwa tofauti kati ya kwenda shule na kutokwenda.

Mwalimu akikupuuza, nenda kwa mkuu wa shule na barua ya maandishi, ubaki na nakala. Akikupuuza naye, iko bodi au kamati ya shule, na juu yake mamlaka ya elimu. Kumlinda mtoto na ukatili, wa mwili na wa akili, ni wajibu uliowekwa na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kwa hiyo huombi hisani.

Kuhusu simu kwa ufupi: hifadhi sauti zile na picha za skrini zenye tarehe kabla hazijafutwa, kisha ripoti kundi hilo kwa huduma yenyewe na mwanao atoke kama yumo. Usimnyang'anye simu. Mtoto aliyenyang'anywa simu kwa kosa la wengine hatakuonyesha tena kitu.

Na kuhama? Njia hiyo ipo, na siyo kushindwa. Ningeitumia haraka kama kuna tishio la kuumizwa mwili, au kama umepanda ngazi zote na shule imekataa kutenda, au kama mtoto mwenyewe, kwa utulivu na si katikati ya kilio, anaitaka. Lakini isiwe hatua ya kwanza. Kigugumizi kitahama naye, na darasa jipya litakuwa na watu wake wa kuchekesha. Aliyehamishwa kabla ya lolote kufanyika mara nyingi huhitimisha kwamba yeye ndiye aliyekuwa tatizo. Mkihama, zungumza na mwalimu mpya kabla ya siku ya kwanza, si baada ya jina la kwanza la kebehi.

Wakati huo huo mtafutie mahali pengine, nje ya darasa lile, ambapo anajulikana kwa kitu kingine: mchezo, muziki, kuchora, kwaya hasa, kwa sababu wengi wenye kigugumizi huimba bila kukwama. Na rafiki mmoja. Hahitaji kumi. Mtoto anayeonewa akiwa na rafiki mmoja wa kweli huumia kidogo kuliko asiye na yeyote.

Yapo mambo ambayo hayasubiri ratiba ya shule wala jibu langu. Asipolala au kula kwa wiki kadhaa, akikataa shule kabisa, ukimkuta na michubuko au mikato asiyoieleza, akianza kugawa vitu anavyovipenda, au akisema maneno kama "bora nisingekuwepo", mpeleke aonwe ana kwa ana na mshauri nasaha, daktari au mwanasaikolojia wa watoto. Na muulize moja kwa moja: "Umewahi kufikiria kujidhuru, au kufa?" Wazazi wanaogopa kwamba swali hilo litampandikizia wazo. Halimpandikizii, linampa ruhusa ya kulisema kama lipo. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa na chochote cha kujidhuru nyumbani, na umfikishe hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa ile ahadi. Ulimwahidi kwa huruma, mbele ya mtoto anayelia, na mzazi yeyote angefanya hivyo. Lakini ukiitimiza unamwacha na mzigo ambao hauwezi kutuliwa na mtoto wa miaka 11. Ukiivunja kimyakimya, ukaenda shuleni akaja kujua kwa wengine, umempotezea msiri wake pekee. Iliyobaki ni kurudi kwake na kuivunja mbele yake.

Chagua wakati msiotazamana uso kwa uso, mnapotembea au mnapoosha vyombo. Mwambie kwa maneno yako, kitu kama hiki: "Nilikuahidi sitasema. Nilikosea kuahidi, kwa sababu kazi yangu ni kukulinda, na peke yetu hatuwezi. Lazima nizungumze na shule. Lakini sitafanya kitu chochote bila wewe kujua kwanza, na safari hii haitakuwa kama ile ya kupeana mikono." Mwambie pia kwamba UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, mwaka 2019 ilikuta karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani ameonewa na wenzake ndani ya mwezi mmoja, watoto hudhani wako peke yao, na takwimu hiyo humshangaza mtoto kuliko unavyofikiri.

Halafu mpe mamlaka juu ya kila kinachoweza kuwa chake. Tuanze na mwalimu yupi? Niende siku gani wiki hii? Uwepo au usiwepo? Kuna neno gani ambalo hutaki lisemwe hata kwa mwalimu? Uonevu umemnyang'anya uamuzi juu ya siku zake mwenyewe, na maswali haya yanaanza kumrudishia. Lisilo chini yake ni moja tu, kama utakwenda au hutakwenda.

Mwisho muulize anachokiogopa zaidi kitatokea ukisema. Atakuwa nalo jibu, na ndilo utakaloanza nalo ukikaa na mwalimu. Ukishauliza, nyamaza. Anaweza kukwama kwenye neno la kwanza, na neno lenyewe huenda likawa jina la yule rafiki. Usimmalizie.